Kati ya ‘Na’ na ‘Tu’

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hajamgusa mtoto yeyote, muuguzi ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Ananawa bila haraka, kidole kimoja kimoja. Anajikausha kwa kitambaa kilichopigwa pasi, anavipuliza viganja vipate joto, kisha anausukuma mlango wa wodi kwa nyonga.

“Tumeamkaje?” anauliza.

Hajibiwi. Wenyeji wa chumba hiki hawajafika umri wa kujibu. Mzito kuliko wote ana kilo moja na robo tatu. Mwepesi kuliko wote angeenea kwenye viganja viwili, na nafasi ingebaki. Wamelala ndani ya mashine za joto, kofia za sufi vichwani, mipira ya kulishia imepita puani, myembamba kama utambi wa taa.

“Tumeongeza gramu ishirini,” anamwambia wa mashine ya pili huku akisoma mizani. “Hongera zetu. Na wewe hapo, tumejisaidia? Aa, tumejisaidia kweli, si mchezo.”

Mlangoni, mfagizi wa wodi ameegemea dekio lake, anacheka. “Huyu siku atakayokufa, mtasikia anasema: tumekufa.”

Ndiyo maana kila mtu hapa, kuanzia daktari hadi mlinzi wa getini, humwita Tumeamkaje. Ana miaka hamsini na minne. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia katika uuguzi, na ishirini na miwili katika chumba hiki cha njiti, watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia. Mashine ziko sita. Asubuhi hii watoto ni tisa, kwa hiyo watatu wamefungwa vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwenye chumba cha pili.

Hiyo ‘tu’ yake alifundishwa. “Mwalimu wetu wa uuguzi alikuwa mkali, akikohoa darasa zima linakaa sawa,” anasema. “Alituambia, usimuulize mgonjwa ‘umekula?’ kama polisi. Muulize ‘tumekula?’ Akisikia ‘tu’, anajua kitandani pale hayuko peke yake. Nimeisema mpaka imeota mizizi mdomoni. Hata nyumbani mume wangu namuuliza, tumelipia maji? Anasema wewe na nani?”

Kwa miaka thelathini na mmoja silabi hiyo haikumdhuru mtu. Miezi miwili iliyopita, kwenye ofisi ya parokia, ilimtoa jasho.

*

Katika droo ya vipimajoto kuna daftari lenye jalada la bluu. Ndani yake mna mistari kumi na tisa, mwandiko mmoja: tarehe, saa, jina la mtoto, jina la mama. Hao ni watoto ambao Tumeamkaje amewabatiza kwa mkono wake katika miaka ishirini na miwili.

Kwa kawaida mtoto wa Wakatoliki hubatizwa kanisani, na padri au shemasi, mbele ya wazazi na wasimamizi. Lakini mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mlango hufunguliwa wote. Anaweza kubatizwa na muuguzi, na baba yake, na jirani, hata na mtu asiye Mkristo, mradi mtu huyo anakusudia kufanya lile ambalo Kanisa hufanya, anamimina maji ya kweli yatiririke kichwani, na anatamka maneno yaliyowekwa. Hakuna kingine kinachohitajika.

“Sibatizi mtoto wa mtu kwa kuvizia,” anasema. “Mzazi asiponiomba, sinyanyui mkono. Na akiniomba, simwambii angoje kesho. Humu ndani kesho ni neno kubwa.”

Mfagizi, ambaye ni Mwislamu na ambaye wodi nzima humwita Bi Dekio, amekuwa akimtania kuhusu daftari hilo tangu alipoajiriwa miaka kumi na mmoja iliyopita.

“Nilimwuliza siku moja,” anasimulia Bi Dekio. “Shoga, mtoto huyu hata pua yake hajui iko wapi. Mnamwingiza kwenye dini, yeye kasema anataka?”

“Nikamwambia njoo uangalie,” Tumeamkaje anadakia. Alimpeleka kwenye mashine, mtoto akilishwa maziwa ya mama yake kwa mpira, mililita mbili, tone kwa tone. “Nikamwuliza, huyu kaomba maziwa? Hajui kunyonya. Hajui kulia njaa. Basi tumngoje ajue kuomba ndipo tumpe? Tukingoja, tutampa nani?”

“Nikanyamaza,” anasema Bi Dekio.

“Hukunyamaza. Ulisema, maziwa ni maziwa.”

“Nilisema hivyo, halafu nikanyamaza.”

*

Mistari miwili ya mwisho katika daftari ni ya siku moja, miezi tisa iliyopita. Mapacha, wiki ishirini na tisa. Wa kike gramu 1,210. Wa kiume gramu 890.

Mama yao alikuwa wodi nyingine, kafanyiwa upasuaji, haruhusiwi kuinuka. Saa nane mchana baba yao alisimama mlangoni, viatu mkononi.

“Akaniambia, ‘Sista, mama yao anasema, kabla ya yote, wabatizwe.’ Hakusema kabla ya yapi,” anakumbuka Tumeamkaje. “Nikamwambia akakae na mkewe. Mimi nikaenda kwa yule mdogo kwanza. Rangi yake ilikuwa imeanza kubadilika.”

Alichukua chupa ndogo ya maji safi akailaza ndani ya mashine ya joto. Maji ya baridi kwenye kichwa cha mtoto wa gramu 890 yanaweza kumaliza kile ambacho ugonjwa haujamaliza. Yalipopata uvuguvugu, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha, mililita tano. Bi Dekio alikuwa anapiga deki chini ya dirisha.

“Akaniita, ‘Tuiache hiyo ndoo, tunawe mikono, tuje tushike kofia.’ Nikanawa. Nikaivua ile kofia kwa vidole viwili,” anasema Bi Dekio, naye anaonyesha, kidole gumba na cha shahada. “Kichwa kidogo kama chungwa. Nikaogopa hata kupumua.”

Tumeamkaje alitaja jina, lile la babu mzaa baba, kama wazazi walivyotaka. Akamimina mara tatu. Kisha akamtuma Bi Dekio akamwambie mama yao kwamba wa kiume amekwisha batizwa, na yeye akageukia mashine ya wa kike.

Saa kumi jioni mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alimshika mwanawe wa kiume dakika arobaini. Mtoto alifia hapo, kwenye kanga ya mama yake, kofia ikiwa kichwani.

Wa kike alibaki. Alikaa kwenye mashine siku thelathini na nane, kifuani kwa mama yake wiki tano, ndipo akaenda nyumbani.

*

Mama yao ni fundi wa kushona, na cherehani yake iko kwenye baraza la chumba wanachopanga. Anashona huku anazungumza. Binti yake, sasa kilo saba kasoro kidogo, ameketi mkekani anatafuna tepu ya kupimia.

“Watu waliniambia, pole, sasa wewe ni mama wa mmoja,” anasema. “Nikawaambia, mimi ni Mama Pacha. Sikuzaa mmoja.” Mtaa mzima sasa unamwita hivyo, na asiyemwita hivyo haitikiwi.

Anakata uzi kwa meno. “Yule wa kiume maziwa yangu hakuyaonja. Nguo nilizomshonea hakuvaa. Nilimpa vitu viwili, jina na maji. Basi. Usiku nikishtuka najiambia, alibatizwa, najua aliko. Nalala tena.”

Mtoto alipofikisha miezi saba, Mama Pacha alimpeleka parokiani ili akamilishiwe ibada zilizobaki: mafuta matakatifu, vazi jeupe, mshumaa. Ubatizo wenyewe haurudiwi. Mtu akishabatizwa, amebatizwa. Kwa hiyo lazima kwanza ijulikane kama kweli ulifanyika, na ulifanyikaje. Katekista akamwagiza aje na aliyebatiza.

Tumeamkaje alikwenda amevaa sare yake iliyonyooshwa. Aliketi mbele ya meza ya Paroko, kijana wa miaka thelathini na mitatu ambaye yeye humwita Baba ingawa angeweza kumzaa. Nyuma ya Paroko kulikuwa na kabati la chuma lenye vitabu vya ubatizo vya miaka sitini.

Paroko aliuliza maji yalikuwa ya nini, akajibiwa. Akauliza kama yalitiririka, akajibiwa. Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha macho kwenye tarehe.

“Na maneno, Mama? Neno kwa neno.”

Alikuwa akilingoja swali hilo. Akakaa wima. “Nilisema, tunakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.”

Kalamu ya Paroko ikasimama.

“Rudia, Mama.”

“Tunakubatiza kwa jina la Baba—”

“Tuna?”

“Tuna...”

“Hapo nikajisikia mwenyewe,” anasema Tumeamkaje. “Kama mtu aliyepita sokoni, halafu anaambiwa kanga yake imefunguka nyuma.”

*

Msomaji anaweza kujiuliza: silabi moja? Lakini hii ndiyo lugha yetu. Kwetu mtenda hafichiki. Hukaa mlangoni mwa kitenzi, na bila yeye kitenzi hakina pa kuingilia. Badili silabi ya kwanza, umebadili aliyefanya.

Paroko alilieleza kwa upole. Maneno ya Kanisa ni ‘nakubatiza’, umoja. “Jumuiya nzima humleta mtoto, jumuiya nzima humlea,” alisema. “Lakini anayebatiza ni Kristo, na Kristo ni mmoja. Anaazima kinywa cha mtu mmoja, akisema ‘na’ kwa kinywa hicho. Tukisema ‘tunakubatiza’ tumeufanya uwe uamuzi wa kikao. Kanisa limekwisha kusema wazi, ubatizo wa ‘tu’ si ubatizo.”

“Mimi niliongeza ‘tu’ kwa adabu, Baba.”

“Najua, Mama. Ila sijasema uliisema siku ile. Umeisema hapa. Siku ile ulisema nini?”

Tumeamkaje alifumba macho. Aliiona kofia. Aliyaona maji yakipita juu ya nyusi zisizo na nywele. Sauti yake mwenyewe hakuisikia.

“Sijui,” alisema.

Mama Pacha alikuwa ameketi pembeni, binti yake mapajani.

“Huyu ni rahisi,” Paroko alimgeukia. “Tukibaki na shaka, tutambatiza kwa sharti. Nitasema, kama hujabatizwa, nakubatiza. Hakuna kitakachopotea.”

“Na mdogo wake?”

Mtoto aliendelea kupiga meza kwa kiganja.

“Mdogo wake yuko mikononi mwa Mungu,” alisema Paroko. “Uliomba abatizwe. Ombi lako Mungu alilisikia kabla Mama hapa hajavuta maji. Sisi ndio tuliofungwa na maji, tumeagizwa tuyatumie. Mungu mwenyewe hakujifunga mikono.”

“Nimekuelewa, Baba,” alijibu Mama Pacha. “Lakini jana nilikuwa najua. Leo natumaini. Si kitu kimoja.”

Paroko hakubishana naye. “Ni kweli,” alisema. “Si kitu kimoja.” Akafunga kitabu bila kuandika.

*

Siku nne wodi haikusikia ‘tumeamkaje’. Muuguzi aliingia, akanawa, akasema “Umeamkaje?” kwa kila mashine, kwa sauti ya mtu anayekagua tiketi. Alipompima mtoto alisema “Nakupima.” Alipombadilishia nepi alisema “Nakubadilisha.”

“Nilikuwa naufundisha mdomo,” anasema. “Uzee huu, najifunza kusema ‘mimi’.”

Kilichomnyima usingizi kilikuwa zaidi ya mapacha. Lilikuwa daftari lote. Kabla ya hao wawili kulikuwa na kumi na saba. Kama kwa hao wawili hakumbuki, je, kwa wale?

Siku ya tano Bi Dekio alimziba njia kwenye chumba cha kuchemshia vyombo.

“Shoga, una nini? Hata watoto wanakuogopa. Tangu Jumatatu unawasemesha kama hakimu.”

Akamweleza. Alieleza yote, ofisi, kalamu, swali la Mama Pacha. Bi Dekio alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

“Huyo wa kiume?” alisema mwishowe. “Wa kiume ulisema ‘nakubatiza’. Si nilikuwepo!”

“Usinifariji.”

“Nikufariji wa nini, wewe mtoto? Nakwambia nilichosikia. Miaka kumi na mmoja nakusikia tu, tu, tu, kama pikipiki mbovu. Siku ile ukataja jina la babu yake, ukasema ‘nakubatiza’. Nilishtuka mpaka kofia ikataka kuniponyoka. Nikajiuliza, leo kapatwa na nini huyu? Mbona kabaki peke yake?”

Tumeamkaje aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Na wa kike?”

Bi Dekio alitikisa kichwa. “Wa kike sikuwepo. Ulikuwa umenituma kwa mama yao. Siwezi kusema nisichokisikia.”

*

Jumamosi iliyofuata Bi Dekio aliingia katika ofisi ya parokia kwa mara ya kwanza maishani mwake, mtandio umefungwa vizuri, viatu amevivua mlangoni kwa mazoea. Mama Pacha alikuwepo. Tumeamkaje alibaki nje kwenye benchi. Paroko alitaka amsikilize shahidi peke yake, asije akamwangalia mwenzake usoni.

“Mimi si wa humu, Baba,” Bi Dekio alianza. “Lakini masikio yangu hayana dini.”

Paroko alicheka, akachukua kalamu. Akauliza nani alikuwa wapi. Akauliza maji yalipita wapi. Akauliza maneno, naye Bi Dekio akayasema yote hadi mwisho, kwa umoja. Akauliza ana hakika gani, baada ya miezi yote hiyo.

“Baba, jirani yako akipika wali kila siku, huwezi kukumbuka alipika wali lini. Lakini siku akipika kitu kingine, harufu utaikumbuka mpaka kufa.”

Kanisa linasema shahidi mmoja asiye na dosari anatosha. Paroko alimsomea maelezo yake, Bi Dekio akatia sahihi. Kisha Paroko akakifungua kile kitabu kikubwa, akaandika.

Mama Pacha aliomba kuona. Ulikuwa mstari mmoja, wino ukiwa haujakauka: jina la mtoto wa kiume, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kubatizwa, tarehe ya kufa, zote tatu zikiwa karibu sana. Hakuugusa wino. Aliweka kidole kando yake.

“Huyu ameandikwa,” alisema. “Sasa tumshughulikie mkorofi.”

Lakini si ingefaa kuchukulia tu kwamba aliyesema ‘na’ kwa wa kwanza alisema ‘na’ kwa wa pili? Paroko anatikisa kichwa. “Inawezekana sana. Ila pale tunapoweza kuwa na hakika, kwa nini tukisie? Aliyekufa nilihitaji shahidi, kwa sababu siwezi kumfikia. Aliye hai ninamfikia. Maji yapo.”

Halafu, akivua miwani kuifuta: “Watu hudhani tunabishania silabi. Mtoto hawezi kujisemea. Kila kitu anasemewa. Sasa ukimsemea mtu asiyeweza kukusahihisha, si ndipo unapaswa kuwa mwangalifu zaidi?”

*

Jumapili iliyopita, saa tano asubuhi. Misa imekwisha, kanisa limebaki na harufu ya mishumaa na watu wasiozidi kumi. Mama Pacha amesimama karibu na kisima cha ubatizo, bintiye mkononi, katika gauni jeupe alilolishona mwenyewe na kulifumua mara mbili. Mtoto ameshika kofia ndogo ya sufi, ya kule wodini, na ameiingiza kinywani. Hakuna anayemnyang’anya.

Msimamizi wake ni Tumeamkaje. Mama Pacha ndiye aliyemchagua. “Nilimwambia, wewe ndiye uliyeanza kazi, wewe utaimaliza,” anasema.

Benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, ameketi Bi Dekio. Amekuja, kwa maneno yake, kusikiliza.

Paroko anauliza maswali ya imani. Anauliza kwa wingi: mnasadiki? Desturi ya ibada hii ni kwamba swali huulizwa kwa wingi, na kila mmoja hujibu kwa umoja. Wazazi wanajibu. Sauti ya muuguzi inawatangulia, kubwa kuliko inavyohitajika katika kanisa tupu.

“Nasadiki.”

Nyuma kabisa, Bi Dekio anainua kidole gumba.

Kisha Paroko anataja jina, lile la bibi mzaa mama, na kusema lile sharti, kama hujabatizwa, halafu ‘nakubatiza’, polepole, na ‘na’ yake inasikika hadi mlangoni. Maji yanatiririka mara tatu. Mtoto analia kwa hasira, kilio cha mapafu yaliyokomaa, na muuguzi anamtazama kwa furaha ya kazi. “Sikiliza hiyo pumzi,” anamnong’oneza baba wa mtoto. “Tulikuwa tunaitafuta kwa mashine.”

Anampokea, anampangusa kichwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

“Pole,” anamwambia. “Tumelowa.”

*

Ni Alhamisi, wodini. Daftari la bluu limerudi kwenye droo ya vipimajoto, lakini ndani ya jalada kumebandikwa karatasi ngumu. Maneno ya ubatizo yameandikwa kwa herufi kubwa, na silabi mbili za kwanza za neno moja, NA ya anayebatiza na KU ya anayebatizwa, zimepigiwa mistari: wa kwanza mwekundu, wa pili wa bluu. Chini yake: *Soma. Usitegemee mdomo.* Wauguzi wote saba wa chumba hiki wameisoma kwa sauti mbele yake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, maana saa ya hatari haichagui zamu.

Wale kumi na saba hajawaacha. Kumi walikufa siku zile zile au wiki ile. “Hao siwezi kuwafikia,” anasema. “Nimemwachia mwenyewe, na kila asubuhi nikinawa mikono namkumbusha mmoja mmoja kwa jina.” Saba waliishi. Mkubwa wao sasa ana miaka kumi na sita. Mpango wake ni kubisha hodi kwa wote saba kabla hajastaafu, mwaka kesho kutwa, na kusema sentensi moja aliyoikariri: nilimbatiza mtoto wenu, na huenda nilikosea.

Amekwisha kuwapata watatu. Kwa mmoja, bibi wa mtoto alikuwa amesimama pale siku ile, na anakumbuka ‘na’ bila kusita. Wawili wengine hakuna aliyekuwepo. Watabatizwa kwa sharti mwezi ujao. Baba wa mmoja alimfokea. “Alikuwa na haki,” anasema Tumeamkaje. “Nilimsikiliza mpaka akachoka. Halafu mkewe akaniletea maji ya kunywa.”

Haoni aibu tena kusimulia. “Ile ‘tu’ siiachi, mwalimu wangu alikuwa sahihi, mgonjwa asibaki peke yake. Ila kuna mahali mtu anatakiwa aseme, nimefanya mimi, niulizeni mimi. Nilikuwa sijawahi kusimama hapo.”

Wa nne anakaa upande wa pili wa mji. Anwani ni ya zamani, namba ya simu haipatikani.

“Jumamosi tunaondoka saa ngapi?” anauliza Bi Dekio akikamua dekio.

“Naondoka saa tatu.”

Dekio linasimama ndani ya ndoo. “Nimeuliza, tunaondoka saa ngapi?”

Muuguzi anamtazama. Anavipuliza viganja vyake, anavisugua, anafungua kidirisha cha mashine ya kwanza.

“Tunaondoka saa tatu.”

“Haya,” anasema Bi Dekio. “Hapo ‘tu’ inaruhusiwa.”